Kitufe cha "Nimepokea"

Kila siku baada ya masomo, Kasi alipitia kibandani kwa mama yake kabla hata ya kuvua sare. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana msichana huyo hata akitumwa maji ya kunywa alitoka kama anayekimbizwa. Kazi yake hapo kibandani ilikuwa kufagia nyuzi, kufungasha nguo zilizokamilika na kutunza vipande.

Vipande vilikuwa mtindo wa mama yake, fundi cherehani asiyependa kuandika. Mteja akileta kitambaa, fundi hukata kipande kidogo pembeni na kukipasua katikati. Nusu moja huibana kwenye mzigo kwa pini, nusu nyingine humpa mteja. Siku ya kuchukua nguo, mteja hurudisha nusu yake, na zikilingana anakabidhiwa nguo yake. Lakini wateja wengi walikuwa na tabia ya kurudisha vipande mapema. Wanapita asubuhi, nguo bado haina vifungo, nao wanamtupia Kasi kipande mezani: "Shika, mwanangu, nisije nikakipoteza. Nitapita jioni." Jioni wanaikuta nguo tayari, imepigwa pasi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulia. Kasi alikulia katika mtindo huo, akadhani ndivyo dunia nzima inavyokwenda.

Kibandani mlikuwa na mashine mbili. Cherehani ya kawaida haikuwa na neno. Ya pili ilikuwa overloki, ile ya kuzungushia nyuzi kwenye kingo za kitambaa ili kisifumuke, nayo ilikuwa kongwe, ya kukanyaga kwa mguu, na mkanda wake ulikuwa umelegea kiasi kwamba mama alikanyaga mara mbili kupata kazi ya mara moja. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba. Jioni aliuweka juu ya kigoda akaukanda kwa maji ya moto, asubuhi akaurudisha kwenye pedeli. Na sasa alikuwa amepata kazi kubwa: kushona sare za shule ya jirani kabla ya muhula kufunguliwa.

"Nikipata overloki ya umeme," alisema, "mguu huu nitaupa likizo mpaka uchoke kupumzika."

Overloki mpya za dukani zilikuwa ghali mno. Ndipo fundi viatu, aliyefanya kazi kwenye kibaraza cha kibanda chao, alipowaonyesha mnada wa mtandaoni. Vitu huwekwa pale na picha zake, watu hushindana kutaja bei, na muda ukiisha aliyetaja bei ya juu ndiye mnunuzi. Mama mikono yake ilijaa chaki kutwa, kwa hiyo simu alikabidhiwa Kasi. Haikuchukua muda akaipata overloki ya umeme, inang'aa, safi, kama haijawahi kuguswa. Mwenyewe alijiita Muuzaji Mwaminifu. Mtu mwaminifu hana haja ya kujibandika jina hilo kifuani, lakini siku ile hakuna aliyeliwaza hilo. Walitaja bei, wakapandishiwa, wakataja tena, na mwishowe wakashinda. Mama alilipa akiba yake yote.

"Una hakika hatutaibiwa?" alimuuliza fundi viatu.

"Hamtaibiwa, fundi. Pesa haziendi kwake moja kwa moja, wanazishika watu wa mnada. Mashine ikifika, ukaikagua, unabonyeza kitufe kilichoandikwa 'Nimepokea'. Hapo ndipo wanampa. Usipobonyeza, anaambulia patupu."

"Aa, kumbe ni kama vipande vyangu!" mama akacheka. Akatulia kabisa.

Ujumbe ulikuja mchana mmoja, mama akiwa amepiga magoti anampima mteja urefu wa sketi. Kasi akausoma peke yake. "Mzigo wako uko stendi, umeshafungwa. Dereva wa lori hapakii mpaka aone kwenye mfumo kwamba umepokea. Bonyeza sasa hivi, lori linaondoka. Kesho asubuhi mashine iko mlangoni kwako."

Kasi alimtazama mama yake. Sindano zilikuwa mdomoni mwa fundi, asingeweza kujibu hata angeulizwa. Na kusema kweli Kasi hakutaka kumuuliza. Alitaka kesho mlango ugongwe, mashine ishushwe, na yeye aseme: "Mama, ni mimi niliyeharakisha." Tena kulikuwa na ubaya gani? Wateja wangapi walimtupia kipande kabla ya nguo? Akabonyeza.

Kesho yake hakuna aliyegonga. Muuzaji Mwaminifu aliandika kwamba lori limepata pancha. Siku iliyofuata, mvua imekata barabara. Baada ya hapo hakuandika tena, na Kasi alipompigia, simu haikuita. Msichana alirudi kwenye ukurasa wa mnada, akayasoma yale maandishi madogo chini ya kitufe ambayo hakuwa na subira ya kuyasoma mwanzo. Aliyebonyeza kwa makosa alipewa siku chache za kulalamika ili pesa zizuiwe. Siku hizo zilikuwa hazijaisha.

Angesema palepale, hadithi hii ingekuwa fupi, na pengine ya kuchekesha. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Kila alipofungua kinywa alimwona mama akikanda mguu, akakifunga tena. Alijiambia huenda lori litatokea. Alijiambia mengi, yote ya uongo, na yote aliyaamini kwa sababu yalimruhusu kunyamaza.

Kilichomchoma zaidi ni utulivu wa mama. Wateja walipouliza habari za mashine, alijibu huku akijigamba: "Mwacheni achelewe! Pesa bado ziko kwa watu wa mnada. Binti yangu ndiye mwenye kitufe, na kitufe hakijabonyezwa. Sivyo, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," Kasi alijibu, akainama kufagia nyuzi mahali ambapo hapakuwa na nyuzi.

Siku za kulalamika zikapita, moja baada ya nyingine, naye anaziona.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya kibanda. Nyuma yake alikuja mshona mapazia wa mtaa wa pili, pochi kwapani.

"Nimefuata ile overloki kuukuu, dada," alisema. "Tulikubaliana."

"Ichukue, ichukue!" mama alisema. "Mpya iko njiani, na hapa hapana nafasi ya mbili. Imenitesa vya kutosha hii."

Msukuma mkokoteni akaikumbatia mashine, akaiinua kutoka mahali ilipokaa miaka yote. Sakafuni palibaki alama nne za miguu yake. Kasi alizitazama alama zile na kuelewa jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata kidogo: kwamba sasa mama angebaki hana ile wala hii, na sare za watoto wa watu zimerundikana mezani zikisubiri kuzungushiwa nyuzi.

"Usiichukue!" alipiga kelele. "Mama, usiiuze! Mpya haiji. Nilibonyeza!"

Fundi viatu aliacha nyundo hewani.

"Ulibonyeza nini?" mama aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha ameshajua.

"Nimepokea. Alisema lori halitaondoka. Nilibonyeza, kisha akaingia mitini, na mimi nikaogopa kukwambia."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Kasi angependa afokewe. Mama alimwomba radhi mshona mapazia, ambaye aliondoka akinung'unika kwamba amepotezewa asubuhi yake, kisha akanyoosha mkono wake wenye chaki apewe simu.

Aliwapigia watu wa mnada na kusubiri muda mrefu. Sauti ya heshima ikamjibu. Ndiyo, mteja, tunasikitika. Muuzaji huyo ameshalalamikiwa na wengi, tumemfungia. Pesa alikabidhiwa baada ya wewe kuthibitisha. Kama ungetupa taarifa katika zile siku za mwanzo, mteja, tulikuwa na uwezo wa kuzizuia. Mama na binti walikwenda pia kituo cha polisi. Askari aliandika maelezo yao yote, akaguna, akasema waliopigwa changa la macho namna hiyo ni wengi, na kwamba huyo mtu labda leo anajiita jina jingine.

Waliporudi kibandani mama aliketi nyuma ya overloki kuukuu, mguu wa kulia juu ya kigoda. Kasi alisimama mbele yake, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sasa nisikilize." Mama aliongea polepole, kama mtu anayepima kitambaa cha mwisho. "Aliyetuibia ni mwizi, na wizi ni wake. Kubonyeza ni kosa, na nusu ya kosa hilo ni yangu, maana ni hapa kwangu ulipoona watu wakirudisha kipande kabla ya nguo, nami nikacheka tu. Nilijisikia raha kuaminiwa. Lakini zile siku ulizokaa kimya, ukanitazama nikijigamba mbele za watu, siwezi kumbebesha mwizi. Hizo ni zako. Kosa ukilisema siku hiyohiyo, tunalibeba wawili na pengine tunaliwahi. Ukilificha, linakua, na mimi ninayelipia sijui hata nadaiwa nini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Na mtu akikwambia 'fanya sasa hivi, usimwulize mtu', hapo ndipo pa kumwuliza mtu. Hata kama mdomo wa mtu huyo umejaa sindano."

Fundi viatu alikuwa akisikiliza kichwa chini. Yeye ndiye aliyewaleta kwenye mnada, na aibu ilionekana usoni mwake. Alichukua kipande cha ngozi ngumu, akakikata ukanda mwembamba, akaja kuupima kwenye gurudumu la overloki na kuushona papo hapo. Mkanda ukakaza. Haikuwa ya umeme, lakini sasa mama alikanyaga mara moja kupata kazi ya mara moja. Likizo nzima Kasi hakuonekana uwanjani kucheza. Alikata nyuzi, akashona vifungo, akapiga pasi, na sare zikafika shuleni siku moja kabla ya muhula kufunguliwa. Mwalimu mkuu alisifu kingo zake. Akiba haikurudi, na mguu wa mama haukupata likizo.

Wiki moja baadaye, mteja wao wa siku zote alipita asubuhi. Gauni lake lilikuwa bado halina zipu.

"Shika, mwanangu," alisema, akamtupia Kasi kipande. "Nitapita jioni."

Kasi alikiokota mezani, akatoka nje mbio, akamrudishia mkononi.

"Kaa nacho, shangazi. Utanipa jioni, ukiwa umeshika gauni lako."

"He! Leo hatuaminiani?" mteja akacheka. "Kwani nyinyi mtanikimbia na gauni?"

"Sisi hatutakimbia," Kasi alisema. "Lakini usizoee."

Mteja aliangalia ndani, akitegemea fundi amkanye binti yake kwa utani. Mama hakuinua kichwa. Aliukunja mguu wake wa kulia, akaushusha taratibu kutoka kwenye kigoda, akauweka kwenye pedeli na kuanza kukanyaga.