Ukuta Mtupu na Safari ya Agra

Kurani, yaani umeme, ilikatika mtaa mzima wa Rugenge, mjini Uvira, diploma ya Frédéric ikiwa ndani ya mashini ya fotokopi, na mapenzi yao yakaanzia hapo. Watu walikuwa wamejazana mlangoni, kila mmoja na makaratasi yake, wakimpigia kelele Libérate, dada wa fotokopi, kana kwamba yeye ndiye aliyeukata huo umeme.

"Dada, toa diploma yangu! Iko ndani!"

"Hata minye naona iko ndani. Weye ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka kurani irudi. Ama unataka nikuchanie, nusu leo, nusu kesho?"

Watu wakaangua kicheko. Frédéric naye akacheka, akaketi juu ya katoni ya karatasi, akamtazama vizuri: kitenge cha njano, nywele za kusuka, doa la wino shavuni ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia. Umeme ulirudi kesho yake saa nne. Yeye alikuwa pale tangu saa moja, na mandazi mawili mkononi.

Diploma ile ndiyo iliyompeleka India, katika mji wa Agra, kusomea dawa. Miaka miwili wakapendana kwa simu. Siku za Jumamosi alipata kazi ya kuwatembeza watalii wa Kifaransa kwenye makaburi na ngome za wafalme wa Mughal, na kila mara alimwambia, "Siku moja nitakutembeza na weye, cheri, toka asubuhi mpaka jioni."

Halafu vita ikaingia Uvira. Barabara ya Luvungi ikafungwa. Mpaka wa Burundi ulifunguliwa siku mbili tu, majirani zake Libérate wa mtaa wa Songo wakavuka karibu wote, hata Délice na mbuzi wake. Frédéric alikuwa ametuma barua ya mwaliko ya kumwita India, kila kitu tayari. Libérate hakuvuka. Alimwandikia neno moja: "Siwezi."

Shida ilikuwa hii. Baba yake, mzee Havyarimana, alianguka akikimbia risasi, nyonga ikavunjika, akawa mtu wa kulishwa na kubadilishwa nguo kitandani, nyumbani kwa Libérate. Na mzee huyo, aliyelima mihogo yake Luvungi miaka yote bila kuomba msaada, alimwapisha binti yake kwa Bikira Maria asimwambie mtu yeyote. Basi kila Frédéric alipopiga simu, Libérate aligeuka akaonyesha ukuta mtupu nyuma yake. Mwanaume akionyeshwa ukuta mtupu mwezi mzima, atawaza nini? Na Frédéric akawaza hivyo hivyo.

Jumamosi moja akapiga, sauti kavu kabisa.

"Nilikuahidi safari. Leo nakutembeza. Jioni uniambie kama iko mwanaume mwingine hapo, tumalizane."

"Frédé, usiseme hivyo..."

"Angalia tu."

Akaichomeka simu kwenye mfuko wa shati, kamera ikitazama nje. Libérate, ambaye hakuwa ameona hata barabara kwa siku kumi na tisa, akaona wauza machungwa, Wafaransa sita wenye kofia, lango jekundu, kisha lile kaburi la marumaru nyeupe, Taj Mahal, na maua ya mawe yaliyopachikwa ukutani. Jamani, palikuwa pazuri! Alisahau kwamba hajala. Kisha risasi zikalia upande wa Kavimvira, akajilaza chini na simu yake, na kule kwenye kioo Wafaransa wakaendelea kupigana picha.

Mchana wakaingia ngomeni. Frédéric akasimama kwenye dirisha ambalo kaburi linaonekana kwa mbali, kwenye kona ya mto, akaanza kuwaeleza wageni kwa Kifaransa: hapa mfalme Shah Jahan alifungwa na mwanawe wa kumzaa, karibu miaka minane, akilitazama kaburi la mkewe mpaka akafa.

"Frédé," sauti ikatoka mfukoni. "Huyo mzee, nani alikuwa anamulisha?"

Wageni wakageuka kumtazama.

"Binti yake. Jahanara."

"Naye walimufunga?"

"Hapana. Yeye angeweza kutoka. Alikataa."

Frédéric alikuwa akiyasema maneno hayo kila Jumamosi bila kuyasikiliza. Sasa akaitoa simu mfukoni, akaitazama.

"Libé," akasema polepole. "Ni Papa?"

Kiapo ni kiapo. Libérate akamtazama baba yake, machozi yakimtiririka. Ni mzee mwenyewe aliyesema kutoka kitandani, "Geuza hiyo simu."

Akaigeuza. Frédéric akaona kitanda, beseni, mzee mwenye ndevu za mwezi mzima.

"Mwiriwe, Papa," akamsalimu. "Munisamehe, niliwaza vibaya. Na kwa kuwa niko mbele yenu, naomba Libérate awe muke wangu."

Mzee akakunja uso. "Unaomba umesimama? Tena mbele ya Wazungu? Kwetu mutu anakuja, anakaa kwenye kiti, anapewa pombe, ndipo anafungua kinywa. Kuja ukae."

"Papa, njia zote zimefungwa."

"Unaniambia minye? Si minye ndiye niko ndani?"

Rezo ya simu ikakatika, ikakatika Uvira nzima, siku ishirini na mbili. Libérate alihesabu. Alijua mwanaume amepata nafasi nzuri ya kuchoka.

Siku ya ishirini na tatu simu ikalia, namba ya Burundi.

"Libé, niko Gatumba, hapa karibu na mpaka. Wamefunga. Naona milima yenu."

"Weye una wazimu? Na masomo?"

"Yatangoja. Mbona diploma iliningoja?"

"Lakini huwezi kuvuka, Frédé! Na minye siwezi kutoka!"

"Nani alikuambia utoke? Siku wakifungua, minye ndiye naingia."

Libérate akalia kwa sauti, bila aibu. Mzee Havyarimana akasubiri amalize.

"Kile kiti kiko wapi?" akauliza.

Kilikuwa pembeni, kimelemewa na nguo za mzee za kubadilisha. Libérate akaziondoa, akakipangusa vumbi, akakiweka karibu na kitanda, kikiangalia mlango. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake.