Bia Kwenye Mlingoti wa Wara

Mapenzi yao yalianza kwa maneno makali katikati ya gulio la El Alto, mji wa milimani nchini Bolivia, kila mmoja ameshika ncha moja ya ngazi ileile ya mtumba.

"Achia, kaka. Nimeiona mwanzo."

"Kuiona umeiona. Utaipandaje na marinda yote hayo?"

Wara Chipana alivaa sketi pana ya kijani kama bibi zake, na kiunoni mkanda wa fundi wenye koleo na bisibisi. Alimtazama yule mwanamume kuanzia viatu vilivyotobolewa na cheche hadi kwenye tabasamu, na vyote vikamuudhi.

"Juu ya paa hanichungulii mtu ila njiwa. Ukijaribu wewe, nakuangushia nyundo."

"Sasa ngazi atakushikia nani?"

Akaishika yeye, Grover Alanoca, mchomeleaji vyuma, majira yote ya mvua. Wara na wanawake wenzake walikuwa wakiunganisha intaneti ya mtaa wao wenyewe, paa hadi paa, ili watoto wasomee nyumbani na wauza viazi wapokee oda. Grover ndiye aliyewachomelea mlingoti wa antena. Mchana walikunywa uji wa moto wa mahindi ya zambarau katika kikombe kimoja, wakichokozana.

"Mchomeleaji gani wewe, hata moyo wangu hujauunga?"

"Nauogopa, mpenzi. Una umeme."

Adui yao alikuwa don Teófilo, mwenyekiti wa wakazi. Alikuwa mjomba wake Grover, na ndiye mwenye karakana iliyomlisha. Alitaka kazi ipewe kampuni ya rafiki yake. "Mwanamke na waya wapi na wapi?" alikuwa akisema hadharani, na wanaume wenzake wakicheka. Mkutano wa Jumapili baada ya sikukuu ya Kanivali ndio ungeamua. Mtandao ukifanya kazi, ungebaki mikononi mwa wanawake. Ukifa, mlingoti ungeng'olewa.

Ukafa Jumanne.

Ilikuwa Jumanne ile ya Kanivali, ambapo El Alto nzima hunyunyizia bia kila kinachowapa riziki, nyumba, magari na mashine, ili Pachamama, Mama Ardhi, apate chake kwanza. Wara alikuwa ametoka kutafuta kufuli jipya la kisanduku cha mitambo kilichofungwa mlingotini. Aliporudi, alikuta mlingoti umevishwa karatasi za rangi na maua, na kisanduku kinatiririka bia. Ndani hakukuwa na taa hata moja inayowaka. Akapiga simu.

"Grover, nani amepanda huku?"

"Mimi, mpenzi! Umeona nilivyoupamba? Nimekubarikia kabla ya Jumapili. Bia, na pombe kali juu yake!"

"Umemwaga ndani?"

"Si kilikuwa wazi? Nikasema hata humo ndani Pachamama aonje."

"Mjomba wako amekuahidi nini?"

"Wara! Unasema nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Na hii nguo niliivaa mwenyewe. Usinipigie tena."

Alipiga, tena na tena, na Wara hakupokea. Alikaa juu ya paa akilia kwa hasira, na hasira ilimuuma zaidi kwa sababu alimpenda.

Jumapili ukumbi ulifurika. Don Teófilo alisimama, kofia yake kifuani.

"Niliwaambia. Mitambo imejifia yenyewe mikononi mwa akina mama. Tung'oe mlingoti, tuite mafundi wa kweli."

"Haikujifia, mjomba." Grover alikuwa amesimama nyuma, uso umemwiva. "Nimeiua mimi. Nilimwaga bia ndani nikidhani nabariki."

Ukumbi uliangua kicheko.

"Mpumbavu mkubwa! Usikanyage tena karakana yangu!"

"Sikanyagi."

Wara alimtazama. Mtu aliyetumwa na mjomba hawezi kuutupa mkate wake mbele za watu namna ile. Moyo wake bado ulikuwa umekunja ngumi, lakini akili ilikwenda mbio. Akasimama.

"Don Teófilo, umesikia mwenyewe. Mlingoti ule umekwisha kupewa Pachamama, kwa bia, pombe na maua. Kisanduku tutanunua kingine. Ila mlingoti, nani kati yenu atamnyang'anya Pachamama chake? Apande sasa hivi. Ngazi ninayo."

Wanaume waliinamia viatu vyao. Don Teófilo, ambaye Jumanne hiyohiyo alilinywesha lori lake bia mpaka matairi yakalowa, alivaa kofia yake akaketi.

Nje, Grover alimsubiri karibu na ukuta.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Umeniharibia mitambo, mjinga wewe."

"Na wewe umeniita msaliti."

"Nilikosea. Na hilo pia linaniudhi." Akamtupia mkanda wake wa fundi. "Mwakani, Jumanne kama ile, utamwaga bia mlangoni petu. Chini, umesikia? Chini!"

"Mlangoni petu, nani na nani?"

"Mimi na wewe. Au hutaki?"

Grover alijifunga mkanda ule kiunoni. Alikwenda kuchukua ngazi.