Tumbo la Somoe

Kila alfajiri Somoe alifagia uwanja, akachota maji, akabandika chungu cha mihogo. Zamani kazi hizo aligawana na mama yake, Mwanakombo. Sasa mama alishinda ndani. Alisema mguu unamuuma. Somoe akimaliza alimvalisha shati mdogo wake Rashidi, akala au asile, mara nyingi asile, kisha akakimbia kuwahi mchakamchaka shuleni.

Kijiji chao kilikuwa karibu na Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma. Ng'ambo kulikuwa na vita, kwa kuwa Wareno walikuwa bado wanaitawala Msumbiji na wenyeji wanapigania nchi yao. Baba yake, Athumani, alikuwa amevuka kwenda kumchukua dada yake aliyebaki huko na watoto. Aliahidi kurudi kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Korosho zikaokotwa, baba hakuonekana. Somoe alipouliza, mjomba Mohamedi alimjibu kwa mkato, "Baba yako ana shughuli. Wewe soma."

Katika ukoo wao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Mjomba akisema soma, unasoma. Isitoshe, mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, na Somoe ndiye msichana pekee ambaye kijiji kizima kilimtegemea kwenda sekondari.

Hapo ndipo tumbo lilipoanza. Wanawake walikuwa wakiingia kwao wawili wawili, wanakaa na mama, halafu wananyamaza ghafla Somoe akitokea mlangoni. Watu wazima hudhani mtoto hasikii kimya. Tumbo lilimsokota, viganja vikamtoka jasho, moyo ukaenda mbio. Usiku usingizi ulimkataa. Darasani, hesabu alizozoea kuzifanya bila kufikiri zilimpotea. Alimfokea Rashidi kwa kumwaga uji kidogo tu, kisha akajificha jikoni akalia. Wenzake walimwita mtegaji, wakisema anaumwa asubuhi na kupona jioni.

Olinda peke yake hakumcheka. Olinda alikaa naye dawati moja, na mama yake alikuwa amekimbia vita na watoto wake kutoka ng'ambo.

"Una nini, Somoe? Sema basi."

"Tumbo tu."

"Mimi nilikuwa hivyohivyo. Siku ile habari ya baba ilipofika, mama alituita sote. Tukalia mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo nikaweza kula."

"Wewe baba yako alikufa!" Somoe alimkatiza kwa ukali. "Mama yangu mimi yupo hai!"

Olinda alishangaa, maana hakuna aliyemtaja mama. Lakini Somoe alikuwa na yake moyoni. Mama alikuwa amevua hereni. Hapaki tena mafuta ya kunukia, havai kanga zake za rangi, na kila siku anazidi kukonda. Mgonjwa wa mguu hatembelewi na watu walioinamisha vichwa namna ile. Somoe alikuwa na hakika kwamba mama yake anakufa, na kila alipotoka kwenda shule aliogopa kurudi. Kuuliza hakuthubutu. Aliona kwamba akiuliza, jambo lenyewe litakuwa kweli.

Mjomba alimwandikishia kombe kwa mwalimu wa madrasa, aya zikaoshwa kwa maji, Somoe akalinywa lote. Akamletea na dawa ya minyoo, akainywa pia. Tumbo halikujali kombe wala dawa.

Siku ya mtihani ilifika. Somoe alifungua karatasi, akasoma swali la kwanza mara tatu bila kuambulia kitu. Alikuwa akijiuliza kama mama bado anapumua. Kabla ya saa ya mapumziko alitapika juu ya dawati, akatolewa nje, na mtihani ukaendelea bila yeye.

Mjomba alimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, akilalamika njia nzima. Nesi Helena alimpima homa, akambonyeza tumbo, hakuona kitu.

"Unaogopa nini, mwanangu?" alimuuliza.

Somoe alimtazama mjomba. Nesi akaelewa, akamwomba mzee asubiri nje.

"Mama yangu anakufa," Somoe alinong'ona.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi siambiwi kitu."

Nesi alitoka nje. Ukuta ulikuwa mwembamba, na Somoe alimsikia mjomba akijitetea, "Tulimficha kwa ajili ya mtihani, nesi." Helena akamjibu, "Haya, mzee wangu, na huo mtihani uko wapi?"

Walipofika nyumbani, mjomba alimketisha Somoe mkekani, ubavuni kwa mama.

"Mama yako haumwi mguu. Yuko eda. Baba yako alikanyaga bomu lililotegwa njiani. Wamemzika hukohuko ng'ambo."

Kwa muda mfupi Somoe alishusha pumzi. Mama hafi! Alifurahi, kweli alifurahi. Kisha akatambua ameambiwa nini, na furaha ile ikamuuma kuliko tumbo lilivyowahi kumuuma. Alipiga yowe. Mama, aliyekuwa amelia siku zote hizo akiwa ameziba mdomo kwa kanga, akamkumbatia na kulia naye kwa sauti.

Majirani walikuja kutoa pole. Somoe aliwapokea mmoja mmoja, akiwatazama usoni kwa uchungu. Wote walikuwa wanajua. Rashidi alipouliza kwa nini watu wanalia, aliambiwa kuna bibi mmoja wa kijiji cha Mpapura amefariki.

Baada ya siku chache nesi Helena alikuja kumwona. "Hukuwa mtegaji, wala hukurogwa," alimwambia. "Hofu isiyosemwa huingia mwilini. Huharibu tumbo, usingizi, hata kumbukumbu. Moyo ukienda mbio, kaa chini, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole. Kula hata kidogo. Usijitenge na wenzako. Na uwe na mtu mmoja wa kumwambia yaliyo moyoni. Hayo hayatamrudisha baba yako, sikudanganyi. Lakini hutayabeba peke yako."

Somoe alimchagua Olinda. Waliokota korosho pamoja, wakasimuliana habari za baba zao, wakalia, siku nyingine wakacheka. Taratibu usingizi ulirudi na tumbo likatulia. Mtihani haukurudi. Wakati ule aliyekosa la saba alikuwa amekosa.

Jioni moja mjomba alikuja akakaa naye barazani.

"Nilitaka usome kwa utulivu, mpwa wangu. Nikakunyima msiba wa baba yako, na shule nayo nikakukosesha."

"Ndiyo, mjomba," alisema Somoe. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Mjomba alikohoa. "Rashidi tumwache kwanza. Bado mdogo mno, ataumia."

"Mjomba, Rashidi hali chakula tangu juzi. Anasema tumbo linamuuma."

Mzee Mohamedi alivua kofia yake, akaipakata magotini. "Nilidhani ninawalinda," alisema. "Kumbe kumficha mtoto ni kumwacha aogope peke yake."

Kisha akageukia uwanjani, akaita, "Rashidi, mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu."