Mtoto wa Chini ya Meza

Ilianza na doa la mafuta. Mwalimu wa historia alirudi kutoka shuleni mchana akalikuta kwenye katuni aliyoibandika ukutani sebuleni, pale pale kwenye tumbo la Chifu. Akadhani ni vidole vya mama yake. Alilifuta kwa kitambaa, akakinusa kile kitambaa. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nyama iliyolala, yale yanayoganda mdomoni hata ukisukutua.

Katuni yenyewe ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye gazeti la wakati wa njaa kubwa. Chifu mnene kaketi mezani, sinia la nyama mbele yake, na dirishani nyuso za watu waliobaki mifupa zimebanana kwenye kioo. Chifu huyo alikuwa babu yake Mwalimu, baba mzazi wa mama yake. Alikwisha kuifundishia darasani, na kanuni ya kazi hiyo aliijua vizuri: kabla hujaiamini katuni, uliza nani kaichora, kawachorea akina nani, katia chumvi wapi. Tena usiukate ukingo, maana pembeni ndiko wachoraji hupenda kuficha neno lao. Naye, mwalimu mzima, alikuwa ameukata ukingo kwa mkasi wake mwenyewe.

Mama ndiye aliyemwomba. "Mwanangu, hicho kipande cha chini kinachafua picha. Kitoe."

Kipande kilikuwa na jina la gazeti, gazeti la wenyeji wale wale waliokuwa wakifa njaa. Juu ya jina, chini ya meza, kilichorwa kitoto cha kike kimekumbatia mfupa, mashavu yamevimba kwa chakula. Mwalimu akakata. Kisha akasimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba katuni ilichorwa na wakoloni ili kumpaka matope mtu mwema. Ndiyo, damu ni nzito kuliko maji. Lakini wapo watu waliokufa mara mbili siku ile, na aliyewaua mara ya pili alikuwa na chaki mkononi.

Doa lilirudi. Kila alipolifuta liliongezeka, likaanza kuchuruzika ukutani, na nzi wakalifuata, nzi wa kijani wasiofukuzika. Sauti nazo zikaja. Mwalimu akisahihisha madaftari jioni alisikia mtu akitafuna sebuleni, polepole, mdomo wazi, akinyonya mfupa na kulamba vidole. Akienda kutazama, hakuti mtu. Ila sufuria ya mchana ilikuwa imelambwa hadi ikang'aa, na kwenye mfuniko ulining'inia uzi wa mate.

Mama naye akaanza kukonda.

"Mama, umekula kweli?"

"Nakula, mwanangu. Nakula kupita kiasi," mama alinong'ona, macho yamezama. "Kila ninachomeza nasikia kinachukuliwa hapa kooni. Kuna mtu anakula ndani yangu."

Ukutani, kifungo cha koti la Chifu, ambacho mchoraji alikichora kimefungwa, kilikuwa kimefyatuka.

Ndipo Mwalimu, msomi asiyeamini mambo hayo, alipomfuata mtabibu wa majini wa mtaa wa pili, mama mmoja mnene mwenye mafua yasiyoisha. Mtabibu alivuka kizingiti, akasimama, akafunika pua kwa upande wa kanga.

"Mimi na mafua yangu haya sijanusa hata kitunguu," alisema. "Na hapa nanusa. Hebu nionyesheni."

Aliitazama katuni kwa muda mrefu, kisha akateremsha sauti. "Hili ni jini la ulafi. Lilimpanda mzee wenu akiwa hai, akafa, likabaki kwenye sura yake. Lilitulia kwa kuwa lilikuwa na mwenzake wa kula. Mmemkata mwenzake. Limeshuka kumtafuta, na limempata." Hakumtazama mama, lakini mama alianza kulia.

"Lifukuzwe vipi?"

"Kirudishe kipande. Kisha uisome picha yote, kwa kweli tupu, popote ulipoisoma kwa uongo. Umenisikia? Popote. Ukibakiza mahali pamoja, atakayelipa ni bibi huyu."

Mama alikitoa kipande chini ya godoro lake. "Usinisome, mwanangu," alisihi. "Nilikuwa mdogo. Baba alinipa tu."

Mwalimu alikigandisha kwa gundi, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo utafunaji ulivyokaribia, kwanza nyuma ya ukuta, halafu ndani ya ukuta, halafu sikioni mwake kabisa, na pumzi ya moto yenye uvundo ikamlowesha shingo, lakini hakunyamaza, akasema imechorwa na mwenyeji, imechorewa wenyeji, tumbo limetiwa chumvi lakini sinia halikutiwa, nafaka ya watu ilifungiwa ghalani kwa Chifu na watu wakafia mlangoni pake, na huyu hapa chini ya meza ni binti yake, naye ni mama yangu.

Mama akainama akatapika. Ilimtoka minofu, mmoja baada ya mwingine, minofu iliyoiva ikitoa mvuke, na mafuta yake yakaganda sakafuni. Mtabibu aliikusanya kwa koleo huku naye akijizuia kutapika, akaenda kuizika mbali. Jioni ile mama alikunywa uji bakuli zima, akalala. Ukuta ulikuwa mkavu.

Ilibaki shule. Asubuhi Mwalimu aliibandika katuni ubaoni, nzima, ukingo na vyote. Darasa lote lilijua babu yake alikuwa nani, ila si kwamba ndiye huyu wa kwenye katuni; shule yenyewe iliitwa kwa jina la mzee huyo, na mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma kukagua somo.

Mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulisema ni gazeti la wakoloni. Mbona hapa chini pana jina la gazeti la wenyeji? Na huyu Chifu ni nani?"

Mkuu wa shule aliinua macho. Mwalimu alifungua kinywa, na ukweli ulikuwa pale pale ulimini. Akafikiria kibao cha getini. Akamfikiria mama, lakini mama si alikuwa amekwisha kupona?

"Jina hilo liliongezwa baadaye," alisema. "Na Chifu huyu hajulikani."

Mwanafunzi aliandika. Kisha akaacha kuandika, akaziba pua.

Nyuma ya Mwalimu, ubaoni, kitu kilimeza mate. Na ndani ya mkoba wake, simu yake ikaanza kuita, ikipigwa kutoka nyumbani.