Kimya cha Kabatini

Rafiki yangu Tsion hapendi tena kusikia sauti yake mwenyewe, na sababu ni hii. Walikuwa vijana watatu wa Addis Ababa, yeye, Bereket na mwenzao mmoja, wakifundishana kutengeneza podikasti. Studio yao ilikuwa kabati la ukutani nyumbani kwa Bereket, wamelitundikia mablanketi pande zote. Ukifunga mlango, hata mchana, huoni kiganja chako.

Kabla ya kurekodi, kila mmoja alipima sauti kwa kutaja jina na alichokula asubuhi.

"Naitwa Bereket. Nimekula firfir, pilipili tele."

"Naitwa Tsion. Leo Jumatano, siku ya mfungo kanisani, nafunga mpaka saa tisa. Sijala."

"Ndiyo maana tumbo linanguruma kuliko sauti yako!" Bereket akamcheka. "Haya, katurekodie kimya cha humo, tupate cha kuzibia mapengo tukihariri kipindi. Na tumbo uliambie linyamaze."

Tsion akajifungia peke yake, akawasha kinasa sauti, akabana pumzi. Gizani blanketi likamgusa shingoni, kisha likamgusa tena, ilhali yeye hajasogea. Hakumaliza hata dakika. Alitoka mbio, akabamiza mlango, akaenda kuketi na wenzake sebuleni. Kinasa sauti alikiacha kikiendelea.

Baadaye wakasikiliza. Kimya. Mlango ukabamizwa, nyayo zake zikapotelea mbali. Bereket akanyoosha mkono azime.

"Subiri," Tsion akasema.

Ndani ya kabati tupu mtu alivuta pumzi. Kisha ikaja sauti ya Tsion, taratibu, haina haraka.

"Naitwa Tsion. Leo nimekula. Nimeshiba."