Farasi Asiye na Mpandaji

Asubuhi ya mauzo ya picha ndogo, Verna Tollefson alikuta nyayo za maji kwenye sakafu ya makumbusho. Nyayo za buti, kutoka ukutani hadi mlangoni. Akatazama juu: dari kavu. Mvua haijagusa Wyoming wiki tatu.

"Mpaka kazini umenifuata," akasema, akaenda kuchukua tambara la kudekia.

Picha zilijaa ukuta, nyingine hazizidi kiganja: dubu, kulungu, sungura, wachunga ng'ombe. Mauzo hayo ndiyo huyaweka makumbusho wazi mwaka mzima. Picha moja aliitoa Verna mwenyewe: farasi kwenye theluji, tandiko mgongoni, mpandaji hayupo. Na Verna alijua fika mpandaji yuko wapi. Miaka miwili mpandaji huyo alikuwa akizunguka nyumbani kwa Verna, vyuma vya buti vikilia, harufu ya ngozi mbichi ikimtangulia. Marehemu Orrin, mumewe, ndiye aliyeinunua picha ile. Mwezi wa saba, joto kali, Verna alimkuta amekaa jikoni, amekufa, mabegani ana theluji. Verna alipoitupa picha jalalani, ikarudi ukutani. Labda ingeondoka kabisa ikichukuliwa na mtu aliyeitaka mwenyewe. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haulizi mzigo utamwangukia nani.

Chini ya kila picha palikuwa na kisanduku. Anayeitaka anatumbukiza kikaratasi chenye jina lake, na saa kumi na mbili jioni kinachomolewa kimoja; mwenye jina ndiye anayeinunua. Picha isiyotakwa hurudi kwa aliyeitoa. Miaka kumi na minane mchomoaji ni Verna, kwa kuwa mji mzima unamwamini.

Alasiri akaingia Kaylee Ortega, mwalimu wa chekechea, mimba ya miezi minane.

"Bi Verna, farasi huyu kanitia huruma. Nitamtundika juu ya kitanda cha mtoto."

"Chukua yule sungura, mwanangu."

"Sungura? Wale wanaomaliza karoti zangu?" Akacheka, akaandika jina, akatumbukiza.

Verna akafungua mdomo. Aseme nini, aonekane mwehu? Akaufunga.

Saa kumi na mbili watu walijaa, vikombe vya kahawa mikononi, na Verna akapita kisanduku kwa kisanduku akitaja majina na kupigiwa makofi, mpaka akafika kwa farasi, na hapo harufu ya ngozi mbichi ikamjia, na nyuma yake akasikia vyuma vya buti vikisogea polepole, vikampita, vikaenda kusimama pale pale aliposimama Kaylee, aliyekuwa akijipapasa tumbo na kutabasamu.

Kilikuwamo kikaratasi kimoja tu. Verna akakisoma, akakikunja ndani ya ngumi.

"Hakuna aliyeandika," akasema.

Kaylee akasogea karibu. "Bi Verna, niliandika," akanong'ona. "Uliniona."

"Sikukuona."

Darrell, mkurugenzi, akaitazama ile ngumi kwa muda mrefu, kisha akatazama chini. Verna aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini ngumi hakuifungua.

Akaishusha picha mwenyewe, akaipeleka kwenye gari, akaiweka kiti cha nyuma. Akaketi kwenye usukani. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, kiti kikabonyea, mlango ukafungwa taratibu.

"Haya," Verna akasema. "Twende nyumbani."

Mkanda wa kile kiti ukavutika, ukajifunga.