Nyota Mbili na Nusu kwa Kila Kitu

Nyundo ilipita katikati ya televisheni yangu kabla sijamaliza kusema "karibu"!

Inchi hamsini na tano... Kioo kikamwagika kwenye zulia, na jamaa akageuka kunitazama kama mtu aliyezima taa tu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne. Nilikuwa namsubiri fundi wa king'amuzi. Jamaa kapiga hodi, kavaa ovaroli, kabeba begi la vifaa, kasema "fundi", nami kwa mikono yangu miwili nikamfungulia mlango.

"Kaa chini," akasema.

"Kaka, chukua unachotaka, simu hiyo hapo..."

"Nimesema kaa!"

Jamani, nilikaa kabla miguu haijaambiwa.

Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, nyundo mapajani.

"Wewe ndiye Dada Nusu?"

Hapo nikajua sijavamiwa na mwizi.

Niwaeleze kidogo, maana wengine humu ni wageni. Ukurasa huu ni wa kuhukumu tamthilia mpya. Tamthilia ikitoka, watu laki moja na kitu mnasubiri nyota zangu, na nyota zangu ni zilezile, mbili na nusu kati ya tano. "Si mbaya, si nzuri." "Waigizaji wamejitahidi." "Ukiwa huna la kufanya, tazama." Ndiyo maana mkanibatiza Dada Nusu, na mimi nikacheka nanyi.

Sasa siri... Sikuwa naangalia!

Naangalia sehemu ya kwanza, naruka hadi dakika kumi za mwisho wa msimu, naandika. Ukisifia, watu watakuuliza umependa nini. Ukiponda, wenye kazi yao watakushukia wakitaka ushahidi. Lakini ukisema "ya kawaida", hakuna anayekuuliza swali. Miaka minne nimekula kwa neno hilo.

Aliyeijua siri hiyo ni mtu mmoja tu, mdogo wangu wa kiume, ninayeishi naye.

"'Ngazi za Nyuma'," jamaa akasema. "Umeipa ngapi?"

"Mbili na... na nusu."

"Na mapigano yake uliyasemaje?"

Nilikumbuka vizuri. Niliandika kwamba mapigano ya kwenye ngazi ni ya kawaida, tumeshayaona kwingine. Nilikisia tu! Tamthilia inaitwa Ngazi za Nyuma, lazima kuna mtu atapigwa kwenye ngazi.

"Mimi ndiye mwalimu wa mapigano yale," akasema taratibu. "Miaka ishirini na mbili nafundisha watu kuanguka bila kufa. Bosi wa kituo alinisomea sentensi yako, halafu akanipa barua ya kuachishwa kazi."

"Kaka, nisamehe..."

"Weka mkono mezani."

"Kaka!"

Alinidaka mkono wa kushoto, akaubana juu ya meza kwa uzito wake wote.

"Sehemu ziko nane. Ya kwanza umeiona, ya nane umeionja. Zimebaki sita. Kila usiyoijua, kidole kimoja. Ya pili... nani alichoma duka?"

"Mume... yule mume wa..."

Nyundo ikashuka.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Maumivu yalichelewa kidogo, halafu yakaja yote kwa mkupuo, nikapiga ukelele hadi koo likawaka. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimegeukia upande usio wake.

"Hakuna duka lililochomwa," akasema. "Ya tatu. Mama alimficha mwanawe kitu gani?"

"Sijui! Sijaangalia! Nakiri, sijaangalia!"

Ikashuka tena.

Nilijitapikia. Lakini swali moja lilinitoka.

"Nani... nani alikwambia kwamba siangalii?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mtu anayelala chumba cha pili humu ndani."

Wadau... hilo liliniuma kuliko nyundo!

Mdogo wangu! Niliyemlea tangu mama atutoke. Alipotaka kuigiza nilimkatalia katakata, nikamwambia tasnia naijua, haina watu wa maana, nikamtafutia kazi kwenye ghala la vigae. Mwaka jana alirudi anachechemea, akasema ameteleza kwenye ngazi za ghala. Mimi ndiye niliyemkanda lile goti kwa maji ya moto, wiki baada ya wiki. Leo ananiuza?

"Ya nne," jamaa akasema, na sauti yake ikatetemeka. "Hii nilitaka uijue. Dakika sita bila kukata picha. Kijana aliyefunika uso kwa kitambaa anapigwa kutoka ghorofa ya nne hadi chini. Goti lilimvunjika kweli, mbele ya kamera, akaendelea, ili kazi ya wenzake isiharibike. Mwishoni anafanya nini?"

"Anakufa?"

"Wote wanakufa! Nimeuliza anafanya nini!"

Akainua nyundo.

Mlango ukafunguka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama pale na mfuko wa dawa za goti. Akaona vioo. Akaona mkono wangu.

"Mwalimu?" akasema. "Mwalimu, unafanya nini?"

Anamjua!

"Umeniuza!" nikampigia kelele. "Nyoka wee, umeniuza!"

Aliangusha mfuko, akamrukia jamaa.

Walivunja meza. Walivunja kabati la vyombo. Nyundo ilimpata mdogo wangu mbavuni, nikasikia pumzi ikimtoka, lakini hakumwachia. Alimpiga kichwa cha pua, damu ikaruka hadi kwenye pazia. Jamaa akamsukuma, wakapenya mlango wa jikoni, wakatokea kwenye ngazi za nyuma za jengo letu.

Nikawafuata, mkono nimeukumbatia kifuani kama mtoto.

Ghorofa ya tatu, jamaa alimgongesha uso kwenye ukuta. Ghorofa ya pili, nyundo ilitua kwenye goti lile lile bovu. Mdogo wangu alibingirika ngazi nzima, akasimama kwa mguu mmoja, uso umejaa damu!

Jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja mkali hata ukidondosha kijiko, akafungua mlango. Akaona. Akafunga. Akafungua tena na mpini wa dekio.

"Mnapigania mlangoni kwangu? Na nimetoka kudeki sasa hivi!"

Akamtandika jamaa mgongoni mpaka mpini ukakatika. Hakutikisika. Aliinua nyundo kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mdogo wangu, nami nikafumba macho nusu.

Nusu niliyoona ni hii. Mdogo wangu alirudisha mkono wa kushoto nyuma, akashika chuma cha ngazi bila kutazama, akajiachia chini kwa uzito wote, huku mkono wa kulia umekamata kola ya ovaroli. Jamaa akapita juu yake kama gunia, akaporomoka hadi sakafu ya chini.

Bega la jamaa lilivunjika, na mfupa ulionekana.

Alilala pale anacheka na kulia kwa pamoja.

"Umeona, Dada Nusu? Mwishoni anafanya hivyo!"

Nikadhani amerukwa na akili.

Polisi walimchukua. Sisi tukapelekwa hospitali. Vidole vyangu viwili vikafungwa plasta, na mdogo wangu akaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alitoka baada ya saa mbili.

"Atatembea kwa fimbo," akasema. "Kukimbia na kuruka, asahau."

"Lile goti lilikuwa bovu tangu alipoteleza kazini, daktari."

Akanitazama kwa mshangao.

"Kazini ndiyo, lakini hakuteleza. Faili lake linasema aliumia kwenye upigaji picha wa tamthilia."

Nilikaa kwenye benchi la korido. Nikatoa simu kwa mkono mzima. Nikafungua sehemu ya nne. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, sikugusa kitufe cha kuruka.

Dakika sita...

Kijana aliyefunika uso. Mabega nayajua. Ghorofa ya tatu, goti likakatika, na kule kuchechemea kukaanza, goti lile lile nililolikanda kwa maji ya moto! Mwishoni akarudisha mkono wa kushoto nyuma, akashika chuma bila kutazama, akaporomoka na adui yake. Kitambaa kikamtoka. Uso wa mdogo wangu ukatazama kamera, kisha akafumba macho.

Nililia mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nina mtu wa kumpigia.

Maana nilikumbuka asubuhi moja, wiki tatu nyuma, mezani kwetu.

"Dada, ile ya ngazi uliiona yote?"

"Yote."

"Hata sehemu ya nne?"

"Hata ya nne. Ya kawaida tu."

Aliosha kikombe chake, akaenda ghalani.

Alificha mwaka mzima ili nimwone mwenyewe kwenye kioo na nimsamehe kwa kuniasi. Hakwenda kwa mwalimu wake kuniuza, wadau. Alikwenda kulia, kama alivyokuja kuniambia baadaye. Alimwambia, "Dada yangu haangalii. Angeangalia, angeniona."

Mwalimu yule alikuwa mkatili, na jela inamstahili. Lakini aliyemvunja mdogo wangu kwanza ni mimi, pale mezani, na chai mkononi.

Ninaandika haya kwa kidole gumba cha kulia. Nyota zote za miaka minne nimezifuta. Somo langu ni fupi. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Neno "ya kawaida" unaliandika kwa sekunde mbili, na kuna mtu alivunjika mifupa kwa ajili ya kazi hiyo. Huenda mtu huyo anakunywa chai nawe kila asubuhi.

Alipozinduka nilikuwa pembeni ya kitanda.

"Nimeiona," nikamwambia. "Nyota tano! Kumi! Mdogo wangu, wewe ni..."

Akageuzia uso ukutani.

"Nyota zako sizitaki, Dada. Niambie tu, goti lilipovunjika, nilifanya nini kwanza?"

Jasho likanitoka kama nipo tena mbele ya nyundo.

"Ulimgusa mwenzako begani," nikasema. "Mara mbili, kwa siri. Alikuwa ameogopa, anataka kuacha. Ulimwambia aendelee kukupiga."

Hapo ndipo aliponigeukia.